Sanduku la Besi

Katika bendi kubwa za dansi za Marekani za miaka ya 1930, mpiga besi alikuwa mtu wa kuonekana kuliko kusikika. Alisimama nyuma akikumbatia ala iliyompita kimo, akivuta nyuzi nene za utumbo kwa vidole vilivyoota sugu, huku tarumbeta, trombone na saksafoni zikimfunika kutoka mbele. Wachezaji waliuhisi mdundo wake miguuni, lakini noti zenyewe walizijua wachache tu waliosimama karibu naye. Dansi ilipokwisha, wenzake walifunga ala zao kwenye visanduku wakaondoka, naye akabaki kutafuta gari la kubeba mzigo wake.

Malalamiko ya watu kama huyo ndiyo yaliyozaa amplifaya ya besi. Historia yake, hasa historia ya ile ya sanduku moja lenye spika na mitambo yote ndani, ni ya watu waliotaka jambo linaloonekana dogo: noti nene isikike kama noti, isiwe ngurumo. Waliolikaribia zaidi ni wale waliokuwa wapiga besi wenyewe. Na katika kulikaribia, walitengeneza sauti ambayo mkuu wao hakuitaka kabisa.

Ugumu ulianzia kwenye hewa yenyewe. Uzi mnene wa besi, ule wa E, hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetemeka mara 82. Wimbi la sauti ya mitetemo 41 lina urefu wa mita 8 na ziada. Kulisukuma wimbi hilo kunataka spika pana yenye koni inayoweza kwenda mbele na nyuma bila kuchanika, sanduku lisilovuja hewa ovyo, na nguvu ambayo amplifaya za gitaa za wakati ule hazikuwa nayo. Aliyechomeka besi kwenye amplifaya ndogo ya gitaa alipata mkoromo, na akizidisha alipata spika mbovu.

Mjini Seattle, katikati ya miaka ya 1930, Paul Tutmarc alikuwa ameshajaribu kujibu. Kampuni yake ya Audiovox iliuza besi ya umeme ya kupakata kama gitaa, iliyopewa namba 736, pamoja na amplifaya yake, namba 936. Haikuenea. Wazo lililala kwa miaka zaidi ya kumi, hadi lilipomfikia Leo Fender, fundi redio wa Fullerton, California, ambaye hakuwahi kujifunza kupiga gitaa.

Mwaka 1951 Fender alitoa Precision Bass, gitaa la besi lenye nyuzi nne na freti shingoni, kwa bei ya dola 199.50. Freti zilimwezesha hata mpiga gitaa wa kawaida kuweka kidole mahali sahihi, na ala nzima ilitosha kwenye kiti cha nyuma cha gari. Wapiga besi wa jazi walikuwa na mashaka nayo, lakini kiongozi wa bendi Lionel Hampton aliikubali mapema. Julai 1952 mhakiki Leonard Feather aliandika katika jarida la Down Beat juu ya bendi hiyo na mpiga besi wake, Roy Johnson, aliyekuwa ameshika kitu kilichofanana na gitaa ilhali kikitoa sauti ya besi iliyojaza ukumbi.

Fender alijua kwamba gitaa lile bila amplifaya yake ni nusu ya kazi. Mwaka uo huo wa 1952 alitoa Bassman. Ilikuwa na spika moja ya Jensen ya inchi 15, mgongo uliofungwa na kuachiwa matundu mawili ya kupumulia, na nguvu ya wati 26 hivi. Kulikuwa na kifundo kimoja cha ukubwa wa sauti na kimoja cha toni. Kwa sebule au baa ndogo ilitosha. Kwa ukumbi wenye ngoma na magitaa mawili, mpiga besi aliizungusha hadi mwisho na bado akaomba wenzake wapunguze.

Kufikia 1955 Fender alikuwa ameibadilisha kabisa. Spika moja pana ikawa spika nne za inchi 10, na mgongo ukaachwa wazi. Toleo lililopendwa zaidi, la 1958 hadi 1960, lilifika wati 45 hivi na lilikuwa na vifundo vinne vya kuchonga sauti: cha besi, cha kati, cha trebo, na kingine cha kuipa sauti ukali wa juu kabisa. Lilikuwa zuri mno, ila si kwa besi. Sanduku lenye mgongo wazi huiachia sauti ya nyuma ya spika izunguke na kukutana na ile ya mbele, na kwa noti nene hizo mbili hufutana. Spika ndogo nne ziliitikia upesi, zikaipa nguvu sauti ya kati, na zilipolemewa zilianza kukwaruza kwa utamu.

Wapiga gitaa ndio waliougundua utamu huo. Huko Chicago, Buddy Guy aliifanya Bassman kuwa sehemu ya sauti yake. Huko Hanwell, magharibi mwa London, muuza ngoma Jim Marshall na mafundi wake Ken Bran na Dudley Craven waliichukua Bassman ya toleo hilo kama ramani, na kuanzia 1962 wakaunda JTM45, amplifaya ya kwanza ya Marshall. Roki ya Uingereza ya miaka iliyofuata, pamoja na kuta za spika zilizosimama nyuma ya wapiga gitaa wake, ilichipuka kutoka kwenye chombo kilichokusudiwa kumsaidia mpiga besi. Mpiga besi mwenyewe alikuwa bado anangoja.

Aliyemsikiliza aliishi New York. Everett Hull alipiga piano na besi, na aliwahi kupiga katika orkestra ya Lawrence Welk. Mwaka 1946, akishirikiana na fundi Stanley Michael, alipata njia ya kuficha maikrofoni ndani ya kigingi cha chini cha besi kubwa, kile kinachoisimamisha sakafuni, na kuiunganisha na amplifaya. Kigingi hicho ndicho kilichoipa kampuni jina la Ampeg. Michael alijitoa, Hull akaendelea, na mteja aliyemlenga tangu siku ya kwanza ni mwanamuziki wa kazi: mtu wa hoteli, wa studio, wa ukumbi wa maonyesho, anayelipwa kwa kupiga alichoandikiwa na kukipiga safi.

Neno safi ndilo lililomtawala Hull. Aliichukia roki, na alichukia zaidi sauti inayokwaruza. Amplifaya ikisukumwa hadi ikaanza kupasua sauti, kwake hilo lilikuwa kosa la fundi, na fundi alipaswa kuliondoa. Msimamo huo uliinyima Ampeg wateja wengi vijana, lakini uliifanya iendelee kuhangaika na swali ambalo Fender aliliacha njiani: namna ya kuitoa noti nene ndani ya sanduku dogo bila kuiharibu.

Mwaka 1956 aliajiriwa kwake mpiga besi mwingine mwenye mikono ya fundi, Jess Oliver. Mwaka 1960 Oliver alileta B-15, na hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu vyombo vichache vya muziki vimefikiriwa kwa uangalifu kama hiki.

Sanduku lilikuwa na spika moja ya inchi 15. Mitambo ilifungwa chini ya kifuniko cha juu. Ukifungua vifungio vinne vya pembeni na kukipindua kifuniko, valvu, zile chupa za kioo zinazokuza sauti, zinatokea juu zikiwa wima, zinapata hewa ya kuzipoza, na vifundo vinamtazama mpigaji. Kazi ikiisha unakipindua tena. Valvu zinaingia ndani ya sanduku, na safari haiwezi kuzivunja. Ukingo wa kifuniko ulizungushiwa mpira ili hewa isivuje, kwa maana hewa inayovuja ndiyo inayoiba noti nene na kuleta mluzi. Chasisi ilikalia vipande vya mpira ili mtetemo wa spika usizitingishe valvu. Ubao wa mbele uliongezewa mwenzake, na hewa ya ndani ikapewa njia iliyopimwa ya kutokea, ili msukumo wa nyuma wa spika uusaidie ule wa mbele badala ya kuufuta. Chombo kilikuja na kigari chake cha magurudumu. Na juu kabisa kulikuwa na kibao cha plastiki angavu kilichowaka taa kwa nyuma, ambacho mnunuzi angeweza kuchongewa jina lake.

Nguvu yake ilikuwa wati 25. Hazikuzidi za Bassman ya kwanza, lakini sanduku lilizitumia vizuri zaidi, na ndiyo maana wapiga besi waliolitumia waliona wamepata kitu kipya.

Kisha kuna vifundo. Kila njia ya kuingilia ilikuwa na kifundo cha ukubwa wa sauti, cha besi na cha trebo. Kwa macho ilionekana kama hatua ya kurudi nyuma, kwani Fender alikuwa ameshaweka vinne. Tofauti ilikuwa ndani, kwenye vikapasita na vizuizi vya umeme.

Sakiti ya Fender, ambayo Marshall na wengine wengi waliirithi, ina tabia inayowashangaza wengi. Vifundo vyote vikiwekwa katikati, sauti haitoki ilivyoingia. Sehemu ya kati inakuwa imechimbwa shimo, na kila kifundo kinapozungushwa kinavuta na wenzake. Ukitaka kulikaribia umbo halisi la sauti ya gitaa lako, unapaswa kushusha besi na trebo hadi chini na kupandisha cha kati hadi juu. Kwa gitaa la kawaida shimo hilo ni zawadi, kwa kuwa huipisha sauti ya mwimbaji. Kwa besi ni hasara kubwa. Sehemu ya kati ndiyo iliyobeba mitetemo ya juu ya noti, ile inayolitajia sikio kwamba hii ni A na ile ni G. Sikio la binadamu lina uwezo wa kuitambua noti nene kwa kusikia mitetemo yake ya juu tu, hata spika ikishindwa kuutoa mtetemo wa chini kabisa. Ndiyo sababu mstari wa besi husikika kwenye redio ndogo ya mfukoni, isiyoweza kuutoa mtetemo wa 41 kwa vyovyote vile.

Ampeg ilifuata njia nyingine, iliyotoka kwa mafundi wa redio wa Uingereza. Mwaka 1949 E. J. James alichapisha katika jarida la Wireless World mpangilio wa vifundo viwili vinavyofanya kazi kila kimoja upande wake. Mwaka 1952, Bassman ikiwa ndiyo kwanza inatoka, Peter Baxandall alichapisha katika jarida hilohilo toleo lililoboreshwa, na jina lake ndilo lililobaki midomoni mwa mafundi hadi leo. Katika mpangilio wa aina hii, vifundo vikiwa katikati sauti hutoka karibu ilivyoingia. Cha besi huinua au kushusha chini, cha trebo huinua au kushusha juu, na katikati pa sauti hapaguswi. Mpiga besi aliyekaa mbele ya B-15 hakuwa na kifundo cha kumharibia noti.

Kuna hesabu nyingine ambayo vifundo haviionyeshi. Kila desibeli 3 zinazoongezwa zinadai nguvu mara mbili. Kifundo cha besi kikiinua sauti nene kwa desibeli 6, noti ile ile sasa inataka wati mara nne. Amplifaya ya wati 25 iliyokuwa ikitumia 6 kwa starehe inajikuta imefika ukingoni. Hapo ndipo noti zinapovimba na kuanza kushikana. Mpigaji anayejisikia hafifu na kukimbilia kifundo cha besi anajipunguzia nafasi aliyokuwa nayo. Mara nyingi dawa yake ni kupunguza kidogo chini na kuiacha sehemu ya kati imfikishe kwa watu. Mafundi wa studio za New York walilijua hili mapema, na B-15 ikawa samani ya kudumu katika studio nyingi za jiji hilo. Mpiga besi wa kukodiwa alikwenda kazini na gitaa lake tu, akijua sanduku atalikuta.

Mtu aliyeifanya B-15 iwe hadithi hakuwa wa New York. James Jamerson alizaliwa mwaka 1936 katika kisiwa cha Edisto, South Carolina, akahamia Detroit mwaka 1954, na kuanzia mwisho wa muongo huo akawa mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown, katika nyumba iliyoko namba 2648 West Grand Boulevard. Alianza na besi kubwa ya mbao. Gitaa lake lililopata sifa lilikuwa Fender Precision ya 1962, lenye nyuzi nene za La Bella zilizozungushiwa utepe bapa wa chuma, ambazo hakuzibadilisha isipokuwa zikikatika. Chini ya kifuniko cha daraja kulikuwa na kipande cha sponji kilichozizuia nyuzi zisilie kwa muda mrefu. Mkono wake wa kulia ulifanya kazi kwa kidole kimoja tu, cha shahada.

Katika vilabu vya Detroit Jamerson alitumia B-15, na waliofanya naye kazi wamesimulia alivyoiweka: besi hadi mwisho, trebo nusu. Anayesoma hayo leo na kuyanakili kwenye amplifaya yake, akiwa na nyuzi mpya zinazong'aa, anapata tope. Mpangilio ule ulikuwa na maana kwa sababu ya vyote vilivyoutangulia. Nyuzi kuukuu zilikuwa zimeshapoteza ukali. Sponji ilikata kila noti kabla haijaikanyaga inayofuata. Kidole kimoja kilizipa noti zote uzito mmoja. Kifundo cha besi kilichofika mwisho kilikuwa kikiinua kitu kilichokwisha kunyooshwa kwa mkono, na wati 25 zilipoelemewa, valvu ziliilainisha noti na kuifinya kidogo, kwa namna ambayo masikio yetu yanaipenda.

Studioni mambo yalikuwa tofauti. Kwa kawaida Motown haikuweka maikrofoni mbele ya amplifaya ya besi. Jamerson alichomeka gitaa moja kwa moja kwenye mashine ya kuchanganyia sauti iliyoundwa na mafundi wa kampuni, pamoja na wapiga gitaa Robert White, Eddie Willis na Joe Messina, na wote walijisikia kupitia spika moja ya chumbani. Alichofanya pale ndicho kinachogusa kiini cha habari hii: alipandisha sauti yake kwenye mashine hadi valvu zilipoanza kulemewa kidogo tu, zikaifinya sauti na kuiongezea mitetemo ya juu. Mitetemo hiyo iliyoongezwa ndiyo iliyoisaidia besi yake kupenya kwenye redio za magari. Everett Hull angeiita kasoro. Dunia nzima iliicheza.

Tabia hiyo hiyo ndiyo iliyofanya B-15 ipendwe kuliko amplifaya nyingine za besi za zama zake. Ilikuwa imeundwa isikwaruze, na haikukwaruza ghafla. Ikisogezwa ukingoni ilipita kwanza katika eneo pana ambamo sauti inanenepa na kupata joto kabla haijapasuka. Donald "Duck" Dunn aliitumia Memphis kwenye kazi za kampuni ya rekodi ya Stax. Chuck Rainey aliitumia New York. Huko Los Angeles, Carol Kaye alifika mahali pa karibu kwa njia ya mbali: alipiga Precision kwa kipande kidogo cha kudonolea nyuzi badala ya vidole, akaweka kitambaa kizito juu ya nyuzi karibu na daraja, na amplifaya aliyoipendelea ilikuwa Fender ya gitaa yenye spika nne za inchi 10 na mgongo wazi. Kwa studio, ambako hakuhitaji kushindana na mtu, ilimpa noti kavu yenye ncha, na filamu na nyimbo za pop za miaka ya 1960 zimejaa sauti hiyo.

Uingereza walihangaika vivyo hivyo. Mjini Liverpool, Adrian Barber wa bendi ya The Big Three alimtengenezea Paul McCartney wa The Beatles sanduku refu la spika ambalo wanamuziki waliliita jeneza, kwa umbo lake. Lilikuwa la lazima; amplifaya za wakati ule zilitosheleza magitaa na kuiacha besi nyuma.

Tarehe 15 Agosti 1965 The Beatles walisimama katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000, wakiwa na amplifaya za wati 100. Hawakusikika, hata kwao wenyewe. Kuanzia hapo mahitaji yalibadilika upesi kuliko sanduku moja lilivyoweza kukua. Oliver aliondoka Ampeg mwaka 1966. Hull aliiuza kampuni mwaka 1967. Mwaka 1969, chini ya wamiliki wapya waliokuwa tayari kuwauzia watu wa roki, Ampeg ilitoa SVT: wati 300, valvu 14, na masanduku ya spika nane za inchi 10 yasiyo na tundu lolote. The Rolling Stones waliondoka nazo katika ziara yao ya Marekani ya mwaka huo. Kampuni ya mtu aliyechukia roki ikawa ndiyo inayotoa besi ya roki, na masanduku madogo yakarudi studioni na kwenye vilabu.

Transista ziliyaokoa. Tommy Gumina, mpiga akodiani wa California, aliunda kampuni ya Polytone, na katika miaka ya 1970 Mini-Brute yake, sanduku dogo lililofungwa pande zote na lisilo na valvu hata moja, likawa rafiki wa wapiga besi wa jazi, Ray Brown akiwa miongoni mwao. Ilikuwa na swichi yenye hatua tatu: sauti nzito, sauti ya kawaida, sauti kali. Hartley Peavey wa Meridian, Mississippi, alielekea kwenye bei. Amplifaya zake za besi za TNT na TKO zilikuwa nzito, zisizo na madaha, na zilistahimili kila kitu. Wapiga besi wengi wa Marekani wa miaka ya 1980 walijifunzia hapo, mara nyingi kanisani. Katika miongo hiyo vifundo viliongezeka, na baadaye vikaja vitelezi vya kusukuma juu na chini, saba, tisa au zaidi, kila kimoja na kipande chake cha sauti.

Wingi huo haukumaliza tatizo ambalo Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara ya Bell walikuwa wameshalipima tangu 1933. Walionyesha kwamba sikio ni gumu kwa sauti nene zikiwa za chini, na ugumu huo hupungua kadiri sauti inavyopandishwa. Mpigaji anayetafuta sauti yake chumbani usiku, kwa sauti ndogo, anainua besi hadi sikio litosheke. Kesho yake anapandisha sauti ukumbini kwa mpangilio uleule, na besi aliyoiongeza inafumuka. Hakuna kilichoharibika; sikio limezinduka. Chumba nacho kinaongeza lake. Sanduku likisogezwa kwenye kona, kuta na sakafu huirudisha sauti nene mbele na kuizidisha. Likiinuliwa juu ya kiti, sehemu hiyo hupungua na noti hupata nafasi. Hatua mbili za kulisogeza sanduku zinaweza kufanya kazi ambayo vifundo vyote haviwezi.

Wapiga besi wa dansi wa Afrika Mashariki walijifunza kutegemea mkono kwa sababu nyingine. NUTA Jazz Band, iliyoanzishwa mwaka 1964 Dar es Salaam, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, ilianza chini ya kampuni ya Tanzania Transport and Taxi Services. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, kuanzia magitaa hadi amplifaya na spika, na mwanamuziki aliyehamia bendi nyingine aliondoka bila chochote. Mpiga besi hakuchagua sanduku. Alilikuta, akalisikiliza linapenda nini, akarekebisha uzito wa kidole na mahali pa kuuvutia uzi: karibu na daraja kwa noti kavu, karibu na shingo kwa noti nene. Hicho ndicho kifundo cha kwanza cha toni, na kilikuwapo kabla ya umeme.

Katika miaka ya 2000 uzito ulipungua ghafla. Sumaku za neodimiamu ziliifanya spika iwe nyepesi, na amplifaya zinazowasha na kuzima umeme mara laki kadhaa kwa sekunde ziliondoa transfoma nzito na joto jingi. Markbass ya Italia, iliyoanzishwa na Marco De Virgiliis, ilikuwa miongoni mwa waliouza masanduku ambayo mtu mmoja anayabeba kwa mkono mmoja, yakiwa na nguvu mara kumi na zaidi ya B-15. Sauti hutoka safi jinsi Hull alivyoota. Na kwenye nyingi za amplifaya za siku hizi, karibu na kifundo cha ukubwa wa sauti, kuna kingine kilichowekwa mahsusi ili kuichafua kidogo, kuiga valvu zinazolemewa.

Ampeg yenyewe, ambayo tangu 2018 iko chini ya Yamaha, ilirudi kwa Oliver mapema katika miaka ya 2010 kwa kutoa toleo jipya la B-15N, lenye kifuniko cha kupindua, valvu na spika ya inchi 15. Wahandisi walishindwa kuchagua kati ya miaka miwili ambayo wapiga besi hubishania, basi wakaiweka yote: njia moja ya kuingilia inafuata sakiti ya 1964, nyingine ya 1966, na swichi inamruhusu mpigaji kuhama kati ya wati 25 na wati 30. Kila njia ina kifundo cha ukubwa wa sauti, cha besi na cha trebo. Cha kati hakikuwekwa.